Ukurasa Unaopendeza Ofisini

Kila Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, kurasa zake hufunguliwa na watu wa kila namna kwa simu za kila namna: mtahiniwa mwenyewe, mjomba aliyelipa ada, mwalimu mkuu, jirani mbea. Ukurasa wa shule moja ni jedwali na basi. Namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja, kisha alama za masomo zimefuatana kwenye mstari mmoja. Hakuna picha zinazopishana, hakuna video inayojianzisha yenyewe, hakuna kidirisha cha kukukaribisha kabla hujakaa. Mbunifu wa tovuti wa leo akiuona atasema umetoka mwaka 1998, na hatakuwa mbali na ukweli. Hata hivyo, ukishaanza kushuka kwenye simu unafunguka mara moja, programu ya kumsomea asiyeona inausoma, na mashine ya kutafuta haihangaiki kujua ndani mna nini. Saa za mwanzo seva huweza kuelemewa, lakini huko ni kuzidiwa na umati. Ukurasa wenyewe hauna kosa.

Sasa fungua tovuti ya kawaida ya taasisi, kampuni au chuo. Juu kabisa zinapishana picha kubwa nne za viongozi wakikata utepe. Chini yake kuna salamu za mkurugenzi, kisha kaunta inayohesabu wateja kutoka sifuri hadi maelfu, kisha ramani, kisha matangazo yaliyopigwa picha na kubandikwa kama mabango. Kazi hiyo imelipiwa fedha nzuri. Mtu anayeifungua kutoka Kibondo kwa bando la siku anaangalia kiduara kikizunguka, mwisho anaacha, anampigia ndugu yake aliyeko mjini amuulizie.

Kwenye soko la tovuti, kasi, ufikivu kwa watu wenye ulemavu na kuonekana kwenye Google huuzwa kama huduma tatu, kila moja na mtaalamu wake na ankara yake. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya kasoro hizo inatokana na chanzo kimoja: tovuti hukaguliwa na kupitishwa na mtu asiye msomaji wake. Mkurugenzi anaitazama kwenye kompyuta mpakato, kwa mtandao wa ofisi, wakati kivinjari chake kimeshaihifadhi tangu wiki iliyopita. Anaona vizuri. Wala hana haja ya kuitafuta, kwa sababu anwani yake anaijua kwa kichwa. Vipimo vyote vitatu vinampita pembeni. Anachobaki nacho cha kuamulia ni kama inapendeza, na kwake inapendeza kweli.

Tuanze na kasi, maana ndiyo inayosingiziwa kuliko zote. Watu husema mtandao uko chini kama wanavyosema mvua imenyesha, jambo la Mungu lisilo na mwenyewe. Zamani walikuwa na haki. Hadi mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kila ombi la ukurasa lilipanda huko na kushuka kabla ya jibu kuanza safari ya kurudi. Kebo ya SEACOM ilipowashwa Julai 2009, ikifuatana na TEAMS iliyotua Mombasa na kisha EASSy mwaka 2010, kisingizio hicho kilipungua nguvu. Kilichobaki ni umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kama njia ya kebo kutoka Dar es Salaam hadi kwenye seva ya Ulaya ni kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni sehemu ya kumi ya sekunde hata mitambo yote ya njiani ingefanya kazi bila kuchelewa. Na simu haiendi mara moja: inauliza anwani, inasalimiana na seva, inakubaliana nayo usimbaji wa siri, ndipo iombe ukurasa. Ukurasa ukifika, unaagiza faili nyingine, na kila seva mpya inayotajwa humo ina salamu zake.

Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa wakati mmoja, mtandao ulidorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani. Wengi walilalamikia WhatsApp na YouTube. Lililonishangaza mimi ni tovuti za hapahapa zilizotoweka nazo: mtu wa Morogoro hakuweza kusoma tangazo lililoandikwa Morogoro, kwa sababu lilikuwa limehifadhiwa ng'ambo. Miundombinu ya kuepuka hilo ipo miaka mingi. Nairobi ilipata kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, mwaka 2000, na Dar es Salaam ikapata chake mwaka 2004. Kampuni kama Cloudflare huweka nakala za kurasa kwenye vituo vyao vya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na daraja la kwanza la huduma hiyo ni la bure. Kuiwasha ni kazi ya mchana mmoja.

Lakini umbali ni robo tu ya hadithi; kubwa ni uzito. Picha ya simu ya kawaida leo ina upana wa nukta 4,000 na urefu wa 3,000. Ofisa anaipandisha kama ilivyo, na tovuti inaionyesha kwenye kisanduku chenye upana wa nukta 400. Msomaji amelipia mara mia ya nukta alizoziona. Kuna gharama ya pili isiyosemwa sana: picha ikishafika hufumuliwa ndani ya kumbukumbu ya simu, baiti nne kwa kila nukta, kwa hiyo picha moja ya nukta milioni 12 inaweza kumeza megabaiti 48. Weka kumi kama hizo kwenye ukurasa mmoja, kisha fikiria simu ya itel yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 ambayo tayari imefungua WhatsApp. Dawa inajulikana na haina gharama ya maana. Punguza vipimo kabla ya kupandisha. Tumia miundo ya picha ya WebP au AVIF panapowezekana. Picha za chini ya ukurasa zisubiri msomaji azifikie. Ile ya juu kabisa isisubiri, na hapo ndipo wengi huchafua: wanachelewesha zote pamoja, na picha kuu inakuwa ya mwisho kufika.

JavaScript, yaani msimbo unaotekelezwa ndani ya ukurasa, ina ubaya wake tofauti. Megabaiti moja ya picha inahitaji kufumuliwa tu. Megabaiti moja ya JavaScript lazima isomwe, itafsiriwe, kisha itekelezwe na prosesa, na muda wote huo simu inaweza kuonyesha kitufe ambacho hakibonyezeki. Mtu anabonyeza, kimya, anabonyeza tena, na fomu inatumwa mara mbili. Kwenye simu ya bei kubwa muda huo ni wa kupepesa jicho, kwenye simu ya bei nafuu ni sekunde kadhaa. Ndiyo maana mtengenezaji huapa kwamba tovuti yake ni nyepesi na mteja wake huapa kwamba ni nzito, na wote wawili wanasema kweli.

Google wamejaribu kuyaweka mambo haya katika namba tatu, zilizotangazwa mwaka 2020. Kitu kikubwa zaidi cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Ukurasa umjibu anayebonyeza ndani ya milisekunde 200. Kipimo hiki cha sasa kilichukua nafasi ya kingine chepesi zaidi Machi 2024. Na vitu visirukeruke wakati unafunguka. Kipimo hiki cha mwisho kinaeleweka na yeyote aliyewahi kutaka kubonyeza habari akajikuta kwenye tangazo la kamari lililojichomeka sekunde ileile. Wako wanaoishi kwa kosa hilo, kwa hiyo msitegemee walirekebishe. Jambo la msingi ni kwamba namba hizo hupimwa kwenye vifaa vya wasomaji wenyewe, na ukurasa huhesabiwa umefaulu pale tu asilimia 75 ya ziara zinapotimiza kiwango. Kompyuta ya mkurugenzi ni ziara moja kati ya hizo.

Wasomaji wa huku, kwa kweli, walijitafutia dawa kabla ya wataalamu. Opera Mini ilipoenea kuanzia mwaka 2006, kazi yake ilikuwa kuupitisha ukurasa kwenye seva zake, kuuminya, kisha kuuleta kwenye simu ukiwa kipande cha uzito wake. Mamilioni ya Waafrika waliichagua. Hiyo ilikuwa kura, na waliopigiwa hawakuisoma.

Kwenye ufikivu ndiko kuna mengi ya kusema. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilipata kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Wasioona hutumia visoma skrini: NVDA kwenye kompyuta, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, TalkBack kwenye simu za Android, VoiceOver kwenye iPhone. Programu hizi husoma maandishi yaliyomo kwenye ukurasa, na pasipo maandishi hazina la kusoma.

Hapo ndipo unapokutana na hati iliyoskaniwa. Tangazo la kazi, orodha ya walioitwa kwenye usaili, ratiba ya mtihani, mwongozo wa ada: vyote vimeandikwa kwa kompyuta, yaani vilianza vikiwa maandishi safi kabisa. Kisha vikachapishwa, vikasainiwa, vikagongwa muhuri, vikarudishwa kwenye skana vikiwa vimeinama kidogo, vikapandishwa kama PDF. Kisoma skrini kikifika hapo husema ni hati ya kurasa kumi na mbili, kisha kinanyamaza. Google hujaribu kukisia maandishi yaliyo ndani ya picha, lakini muhuri uliolalia majina na karatasi iliyopinda havimsaidii. Mwenye simu naye anapakua megabaiti nane ili atafute jina lake kwa kidole, maana neno halitafutiki. Sijui zoea jingine la ofisi zetu linalowaumiza watu watatu kwa mpigo kama hili. Sababu yake ni hofu ya kughushiwa, nami naielewa, ila picha ya muhuri ni rahisi kughushi kuliko ukurasa ulio kwenye anwani rasmi ya serikali. Hati yenye saini na ibaki kwenye faili la ofisi. Mtandaoni iwekwe orodha inayosomeka.

Bango la picha ni mdogo wake PDF. Kinachowekwa kwenye ukurasa wa mbele ni picha yenye tarehe, mahali na namba ya simu, na nyuma yake hakuna hata neno moja. HTML, lugha ya kuandikia kurasa, ina nafasi ya kuandika maelezo ya picha tangu miaka ya 1990. Mwaka 1999 Mwaustralia asiyeona, Bruce Maguire, aliwashitaki waandaaji wa Olimpiki ya Sydney kwa kukosa mambo kama hayo kwenye tovuti yao. Mwaka 2000 tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo ilimpa ushindi, na waandaaji wakaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Shirika la WebAIM la Marekani, ambalo tangu 2019 hupima kurasa za mbele milioni moja kila mwaka, bado linakuta picha zisizo na maelezo miongoni mwa makosa yanayoongoza. Linaloshika namba moja ni maandishi hafifu, kijivu juu ya nyeupe. Kiwango cha kimataifa, WCAG, kinataka tofauti ya mwanga isiyopungua 4.5 kwa 1. Kile kijivu kipole wanachokipenda wabunifu mara nyingi hakifiki hata 3. Hapa wanaofaidika na marekebisho si wenye uoni hafifu peke yao: bodaboda anayesoma simu kijiweni saa saba mchana, jua likimpiga, anahitaji kitu hichohicho.

Kosa jingine halionekani kwa macho, na pengine ndiyo maana limeenea. Kila ukurasa unatakiwa kutaja, mwanzoni mwa HTML yake, umeandikwa kwa lugha gani. Violezo vinavyonunuliwa mtandaoni huja vimetajwa kuwa vya Kiingereza, na mtengenezaji hakumbuki kuweka alama ya sw. Anayetazama haoni tofauti. Anayesikiliza anasomewa Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza: "pale" inakuwa "peili", "wake" inakuwa "weiki", na kufika aya ya pili ameshapotea. Sauti ya Kiswahili ipo. eSpeak NG, inayokuja ndani ya NVDA bila malipo, inaijua lugha yetu; sauti yake ina ubatibati, lakini inaeleweka. Inasubiri kuambiwa. Google haitegemei alama hiyo, hubaini lugha kwa kusoma maandishi yenyewe, kwa hiyo kosa hili linamuumiza asiyeona peke yake. Mshauri wa kuonekana kwenye Google hana sababu ya kukutajia.

Mengine hugusa pande mbili kwa pamoja. Chukua kiungo kinachosema "bofya hapa". Mtumiaji wa kisoma skrini mara nyingi huita orodha ya viungo vyote ili achague. Anasomewa bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa. Google nao hutumia maneno ya kiungo kukisia ukurasa unaoelekezwa unahusu nini, na "hapa" haliwaambii kitu. Vichwa vya habari ni hivyohivyo. Katika tafiti za WebAIM, takribani watumiaji 7 kati ya 10 wa visoma skrini husema huanza kwa kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Kama vichwa vyako ni maandishi ya kawaida yaliyokuzwa na kukolezwa wino, wao hawavioni, na mashine haijui kipi ni kichwa na kipi ni sentensi.

Tukija kwenye utafutaji, kuna biashara kubwa ya uganga. Bado kuna wanaolipisha fedha kwa kujaza maneno muhimu kwenye sehemu iliyofichwa ya ukurasa, ilhali Google walisema wazi mwaka 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Wako wanaoahidi nafasi ya kwanza. Wako wanaonunua viungo, mchezo ambao Google walianza kuuadhibu kwa nguvu mwaka 2012. Kasi nayo hukuzwa kupita kiasi: imo katika vigezo vya upangaji tangu 2010 kwa kompyuta na 2018 kwa simu, lakini uzito wake ni mdogo mbele ya swali kama ukurasa unajibu kilichoulizwa. Ukurasa mzito wenye jibu utaupita mwepesi usio nalo.

Na jibu ndilo linalokosekana. Watu wanaandika kwenye Google maneno ya kinywani mwao: jinsi ya kupata namba ya mlipa kodi, leseni ya biashara ya duka, bei ya mbolea ya ruzuku, fomu ya mkopo wa chuo. Taasisi yenye jibu imeliandika kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili cha waraka, ndani ya PDF, kwenye ukurasa ambao kichwa chake ni "Mwanzo" au "Karibu". Pengo hilo linajazwa na tovuti za kunakili, ambazo kichwa chao ni swali lenyewe neno kwa neno, jibu limezikwa chini ya matangazo, na mara nyingine namba ya simu iliyowekwa ni ya tapeli. Wengi hulaumu Google kwa kuwapandisha wanakili. Mimi naona Google walipewa kuchagua kati ya ukurasa unaotaja jambo na ukurasa usiolitaja. Tena, baada ya mpango wao uliokamilika mwaka 2023, wanachosoma ni toleo la simu; kilichoondolewa humo ili ukurasa upendeze, kwao hakipo.

Si kwamba mambo haya matatu yanakubaliana siku zote. Maelezo ya picha yakijazwa maneno ya kutafutwa, "hoteli Zanzibar hoteli nafuu Zanzibar hoteli ufukweni Zanzibar", asiyeona anasomewa takataka hiyo yote. Alama za mashine za kupimia nazo hudanganya. Mwaka 2019 mtaalamu wa tovuti wa Austria, Manuel Matuzović, alitengeneza kwa makusudi ukurasa ambao karibu hakuna mtu angeweza kuutumia, na chombo cha Google cha Lighthouse kikaupa 100 kwa 100 katika ufikivu. Kisha kuna njia ya mkato: kidude cha kubandika kwenye tovuti kinachodai kuirekebisha chenyewe kwa mstari mmoja wa msimbo. Mapema mwaka 2025 tume ya biashara ya Marekani iliibana kampuni moja inayoongoza katika biashara hiyo, accessiBe, ikubali kulipa dola milioni 1 kwa madai yasiyo na ushahidi.

Sheria zimeanza kusogea. Kenya na Tanzania zote zimeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinataja teknolojia ya habari, na Kenya ilitoa kiwango chake cha ufikivu wa TEHAMA, KS 2952, mwaka 2022. Msukumo mkali zaidi huenda ukatoka nje. Tangu tarehe 28 Juni 2025 sheria ya ufikivu ya Umoja wa Ulaya inahusu biashara ya mtandaoni inayomuuzia mlaji wa huko, kwa hiyo kampuni ya utalii ya Arusha au Unguja inayopokea malipo ya Mholanzi kwenye tovuti yake inapaswa kuisoma. Upande wa huduma, biashara ndogo kabisa, zenye watu chini ya 10 na mapato yasiyozidi euro milioni 2, zimesamehewa.

Ila sheria haitabadili mengi kama mkataba wa zabuni hautabadilika, kwa sababu mtengenezaji hufanya kile ambacho malipo ya mwisho yanakidai. Leo yanadai mkurugenzi aridhike. Yadai ukurasa wa mbele usiozidi, tuseme, kilobaiti 500 unapofunguliwa mara ya kwanza. Yadai majaribio kwa simu ya kumbukumbu ya gigabaiti 2, kwa bando, nje ya jengo. Yadai mtu asiyeona alipwe posho kama mtaalamu mwingine yeyote, ajaze fomu ya huduma kuu hadi mwisho bila kushikwa mkono. Na mtu wa mapokezi aulizwe maswali kumi anayoulizwa kila siku. Kila swali lipate ukurasa wake, kwa maneno ya muulizaji. Mtu huyo anajua utafutaji kuliko mshauri yeyote, ila huwa haitwi kwenye kikao cha tovuti.

Kifungu kimoja zaidi, ambacho husahaulika hata kwenye mikataba mizuri: mfumo wenyewe upunguze kila picha inayopandishwa, na ukatae picha isiyo na maelezo. Tovuti ikishakabidhiwa, anayeilisha ni ofisa wa chini mwenye kazi nyingine saba, na Ijumaa jioni akiletewa tangazo la haraka atalipiga picha kwa simu na kulipandisha lilivyo.